Maji Yapimwe Kwanza, Chumvi Baadaye

Takriban sehemu tisa katika kila kumi za bia ni maji. Mtu anayepika bia nyumbani kwa ajili ya burudani, kama ilivyo desturi ya wengi huko Ubelgiji, Uingereza na Marekani, huweza kununua kimea kizuri, chachu iliyotunzwa vyema na maua ya hopsi yaliyokaushwa kwa ustadi, kisha akaviharibu vyote kwa maji asiyoyajua. Ndiyo maana wapikaji hao wameshika ufundi wa kurekebisha maji: kuyapunguzia kitu fulani na kuyaongezea kingine, mpaka yafae kwa aina ya bia inayokusudiwa. Ufundi huo una elimu ndani yake. Hata hivyo una kasoro moja inayorudiwa mno, nayo ni kutia chumvi kabla ya kuuliza maji yenyewe yana nini.

Kasoro hiyo haiishii katika jiko la mpika bia. Inaonekana katika sufuria ya maharage, katika ndoo ya maji ya kunywa, na katika bahasha ya dawa ambayo mgonjwa huazimwa na jirani yake. Kwa sababu hiyo inawahusu watu wa afya na wagonjwa wao, hata wale ambao hawajaonja bia maishani mwao.

Bia nyepesi na maji yake

Bia ya rangi ya dhahabu ya mtindo wa Ubelgiji, iitwayo blonde, ni mfano mzuri. Hupikwa kwa kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa joto la chini, kwa hiyo haina weusi wala ukali wa kimea kilichokaangwa. Hutiwa sukari kiasi ili iwe nyepesi kinywani, na chachu huipa harufu inayokaribia ya matunda na viungo. Kilevi chake aghalabu huwa kati ya asilimia 6 na 7.5 kwa ujazo. Kwa kuwa ladha yake ni ya upole, haina mahali pa kuficha kosa. Maji yakiwa mabaya, mnywaji atayatambua.

Kazi ya maji huanza pale kimea kinapolowekwa katika maji moto. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya kimea huvunja wanga na kuugeuza sukari. Mama yeyote aliyepika togwa ameiona kazi hiyo kwa macho yake: uji mzito hutiwa kimea cha ulezi, na baada ya muda mfupi hulainika na kuwa mtamu. Vimeng'enya hivyo hupenda uchachu kidogo, na kwa bia ya namna hii kipimo cha pH cha rojo la kimea hutakiwa kiwe kati ya 5.2 na 5.5 hivi. Kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi huleta uchachu wake chenyewe. Kimea cheupe hakina uchachu wa kutosha. Maji yenye bikaboneti nyingi hupambana na uchachu huo mdogo na kuushinda. Rojo hubaki juu ya kiwango, kazi ya vimeng'enya hudorora, na ukakasi wa maganda ya shayiri huingia katika kinywaji.

Hapo ndipo marekebisho yanapohitajika. Kalsiamu husaidia kuteremsha pH na kuifanya chachu itulie chini baada ya kazi yake. Kloraidi huipa bia ladha ya ujazo kinywani. Salfeti huunoa uchungu wa hopsi. Asidi laktiki, ambayo ndiyo iletayo ukali wa maziwa mgando, hutumika kwa matone ili kuiondoa bikaboneti iliyozidi. Kwa blonde, mpikaji hutafuta kalsiamu ya miligramu 50 hivi katika kila lita, salfeti na kloraidi za wastani zinazolingana, na bikaboneti kidogo.

Gramu zile zile, majiko matatu

Iwapo mpikaji ana lita 20 za maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliokusanywa ukapoozwa, maji yake hayana madini ya kutajwa. Akitia gramu 2 za jasi na gramu 2 za kloraidi ya kalsiamu, kila lita itapata takriban miligramu 50 za kalsiamu, miligramu 56 za salfeti na miligramu 48 za kloraidi. Hayo ni maji mazuri kwa blonde. Mpikaji huyo akiandika hesabu yake na kumpa rafiki, ameandika ukweli. Lakini ukweli huo ni wa maji yake.

Rafiki huyo anakaa katika mji ambao maji yake hutoka kwenye miamba ya chokaa, kama yalivyo maji ya sehemu nyingi za Ubelgiji yenyewe. Tuseme bomba lake linatoa maji yenye miligramu 100 za kalsiamu na miligramu 280 za bikaboneti kwa lita. Akizitia gramu zile zile nne, kalsiamu itapanda hadi 150, na bikaboneti itabaki pale pale ilipokuwa. Amelitibu tatizo asilokuwa nalo, na lile alilokuwa nalo ameliacha. Alichohitaji ni kuchanganya maji yake na yaliyokenekwa, au kutumia asidi kwa kipimo, au kuyachemsha kwanza na kuyaacha yatulie, kwa maana bikaboneti ya kalsiamu ikichemshwa huganda na kuwa ule ukoko mweupe unaoonekana ndani ya birika kuukuu.

Jiko la tatu liwe katika nyanda za volkano za kaskazini mwa Tanzania, katika kijiji kinachotegemea kisima. Maji ya visima vingi vya huko yana kalsiamu kidogo, na bikaboneti yake imefuatana na sodiamu. Mtu aliyesoma kwamba kuchemsha huondoa bikaboneti atachemsha na kuchemsha bila kuona ukoko wowote, kwa sababu bikaboneti ya sodiamu haigandi namna hiyo. Ushauri uliokuwa sahihi Brussels haufai hapo. Tena, maji hayo yanaweza kuwa na floraidi, ambayo hesabu ya mpika bia wa Ulaya haiitaji kabisa, kwa kuwa kwake si tatizo.

Majiko matatu, chumvi zile zile, na matokeo matatu. Kwa mpika bia hasara ni ndogo: bia yenye ukakasi na siku iliyopotea. Lakini mwendo wa fikra ni ule ule wa mgonjwa wa shinikizo la damu anayemeza vidonge vya jirani kwa kuwa jirani amepata nafuu. Vidonge vya jirani vilipimiwa figo za jirani, moyo wa jirani na umri wa jirani. Anayeviazima huchukua jawabu la swali ambalo mwili wake haukuulizwa.

Sahihi hapa, hatari kule

Kuna mfano wa pili unaolidhihirisha jambo hilo zaidi, nao ni klorini. Klorini iliyomo katika maji ya bomba hukutana na viambata vya kimea na kuzaa harufu kama ya dawa ya kuoshea vidonda. Kwa hiyo mpika bia huiondoa, ama kwa kuyapitisha maji kwenye kichujio cha mkaa maalumu, ama kwa kuyeyusha kidonge cha metabaisalfaiti ndani yake. Anafanya sawa, kwa maana maji yake yatachemshwa pamoja na kimea kwa muda wa saa moja au zaidi, na hakuna kijidudu cha kipindupindu kitakachopona humo.

Ushauri ule ule ukihamishiwa kwenye ndoo ya maji ya kunywa huwa hatari. Klorini inayomkera mpika bia ndiyo ngao ya kaya yenye watoto wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Harufu yake katika kikombe ni dalili kwamba mlinzi bado yuko zamu. Yule anayeyaacha maji wazi juani ili harufu itoke, kisha akayanywa bila kuyachemsha, ameiondoa kinga akabaki na ndoo. Hata kidonge cha metabaisalfaiti chenyewe si cha kuchezea: salfaiti huweza kuamsha pumu kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa huo.

Ndivyo ilivyo kwa floraidi pia, ila kwa upande wa pili. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Katika sehemu za mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuna maji yanayokipita kiwango hicho. Mtoto anayekua kwa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia, na palipozidi sana mifupa nayo hudhurika, viungo hukakamaa na miguu hupinda. Wengi huamini kwamba maji yaliyochemka ni maji salama kwa kila hali. La hasha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haichemki ikatoka. Lita 5 zenye miligramu 4 kwa lita zikichemka mpaka zikabaki lita 4, kila lita sasa ina miligramu 5. Klorini haiiondoi, wala kitambaa hakiichuji. Husaidia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, chanzo kingine kilichopimwa, au kichujio cha mkaa wa mifupa kama ule ambao wataalamu wa kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, wameushughulikia kwa miaka mingi. Na kiingiacho chunguni na maji hayo hubaki chunguni, iwe ni chai, uji wa mtoto au mbege.

Magadi nayo yaingizwe katika hesabu hiyo. Yule anayelainisha makande kwa magadi anarekebisha maji, ajue asijue. Anaongeza bikaboneti na kaboneti ya sodiamu, na magadi ya baadhi ya maziwa ya Bonde la Ufa huja na floraidi yake. Gramu moja ya bikaboneti ya sodiamu safi ina takriban miligramu 270 za sodiamu. Mgonjwa wa moyo aliyeambiwa apunguze chumvi, akaacha kuitia mezani lakini magadi yakaendelea kuingia jikoni, ametii nusu ya agizo. Kosa si lake peke yake ikiwa aliyemshauri alitaja chumvi ya mezani tu.

Jina moja, nguvu mbili

Hata anayepima huweza kupotea asiposoma maandishi yaliyo kwenye pakiti. Kloraidi ya kalsiamu huuzwa kwa sura zaidi ya moja. Iko yenye molekuli mbili za maji ndani yake, na iko iliyokauka kabisa. Gramu moja ya ile ya kwanza ikitiwa katika lita 20 huleta takriban miligramu 14 za kalsiamu kwa lita. Gramu moja ya ile kavu huleta miligramu 18. Jina ni lile lile na uzito ni ule ule, lakini nguvu imezidi kwa karibu theluthi. Tena chumvi hiyo hufyonza unyevu wa hewa, hivyo pakiti iliyoachwa wazi huwa na uzito wa maji ndani ya uzito wa chumvi.

Wahudumu wa afya walifundishwa somo hilo hilo kwa dawa. Kidonge cha klorokwini fosfeti cha miligramu 250 kilikuwa na klorokwini yenyewe miligramu 150 tu, na aliyechanganya hesabu hizo mbili alimpa mtoto dawa pungufu au dawa ya kumdhuru. Na lile la kijiko ni hivyo hivyo. Jasi ni unga na kloraidi ya kalsiamu ni chembechembe; kijiko cha moja hakilingani na kijiko cha nyingine. Ndiyo sababu mpikaji makini hutumia mizani. Dawa ya maji ya mtoto nayo hupewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kwa kikombe chenye mistari, wala si kwa kijiko chochote kilichopatikana kabatini.

Kilichotokea Manchester, Quebec na Leuven

Pengine yuko atakayesema kwamba haya ni mambo madogo ya ladha, na kwamba hakuna aliyewahi kufa kwa kitu kidogo kilichotiwa katika bia kwa nia njema. Historia ya tiba inamjibu.

Mwaka 1900, katika mji wa Manchester na miji ya jirani huko Uingereza, wagonjwa wengi walifika hospitalini wakiwa na ganzi, maumivu ya nyayo na udhaifu wa miguu. Kwa kuwa walikuwa wanywaji, na wengi wao maskini, waliandikiwa kwamba mishipa yao ya fahamu imeharibiwa na ulevi. Daktari mmoja, Ernest Reynolds, hakuridhika. Aliona ngozi zao zimekuwa nyeusi na ngumu, akaona mkanda wa jeshi ukiwashika wengi kupita kawaida, na akatambua kwamba waliougua hivyo walikuwa wanywaji wa bia, si wa pombe kali. Aliipima bia akakuta aseniki. Chanzo kilikuwa sukari ya kupikia bia, iliyotengenezwa kwa asidi ya salfa ambayo haikuwa safi. Waliougua walihesabiwa kuwa zaidi ya 6,000, na 70 hivi walifariki. Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Lord Kelvin iliundwa kulichunguza jambo hilo.

Sukari hiyo haikutiwa kwa hila. Ilikuwa kiungo cha kawaida, chenye jina la kawaida. Hakuna aliyeuliza usafi wake. Ndiyo maana jasi ya kutengenezea dari haifai chunguni hata kama jina lake ni jasi, na asidi ya betri si asidi ya jikoni. Kinachoingia katika kinywaji kiwe cha daraja la chakula, chenye maandishi yanayosema hivyo.

Miaka 65 baadaye likazuka jingine. Watengenezaji kadhaa wa bia walianza kutia chumvi ya kobalti, kidogo sana, ili povu lisipotee katika bilauri zenye mabaki ya sabuni. Katika mji wa Quebec nchini Kanada, kati ya 1965 na 1966, watu wapatao 50 waliokuwa wanywaji wakubwa wa bia walishikwa na ugonjwa wa misuli ya moyo, na takriban 20 wakafa. Wagonjwa wa namna hiyo waliripotiwa pia Omaha na Minneapolis nchini Marekani, na Leuven huko Ubelgiji. Jambo lililowashangaza madaktari ni kwamba kobalti iliwahi kutumiwa kama dawa ya upungufu wa damu, kwa dozi kubwa kuliko ile iliyokuwa katika bia, bila kuleta maafa kama hayo. Tofauti ilikuwa kwa mnywaji: watu waliokunywa chupa nyingi kila siku, wakala kidogo, wakakosa protini na vitamini B1. Kiasi kilichovumiliwa na mwili mmoja kiliuvunja moyo wa mwingine.

Visa hivyo viwili vina funzo kwa pande zote mbili za meza ya daktari. Kwa anayetengeneza kinywaji, kiambato kiwe na sababu, kipimo na usafi uliothibitishwa. Kwa anayetibu, neno mlevi si utambuzi wa ugonjwa. Reynolds aliwaokoa watu kwa sababu hakukubali kwamba tabia ya mgonjwa imekwisha kueleza kila kitu. Alikwenda kuipima bia.

Kilevi hakirekebishwi

Hoja moja nzito inaweza kuletwa dhidi ya yote yaliyosemwa: kwamba jarida la afya likizungumzia maji mazuri ya bia linaisafisha bia yenyewe. Hoja hiyo isipuuzwe, na jibu lake ni hesabu. Chupa ya mililita 330 ya blonde yenye asilimia 7 ina takriban gramu 18 za kilevi. Hicho kinakaribia kilevi kilichomo katika chupa ya mililita 500 ya bia ya asilimia 5. Kwa kuwa blonde ni nyepesi kinywani, mnywaji humaliza chupa mbili akidhani amekunywa kidogo, kumbe ameingiza gramu 36. Urekebishaji mzuri wa maji huifanya hali hiyo iwe ya hatari zaidi kwa njia fulani, kwa kuwa huondoa ukakasi ambao ungemwonya.

Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeviweka vinywaji vyenye kilevi katika kundi la visababishi vya saratani tangu 1988, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha unywaji kilicho salama kwa afya. Hakuna jasi itakayoubadilisha ukweli huo. Kwa mjamzito kiasi kinachofaa ni sifuri. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, kilevi huweza kuiteremsha sukari ya damu hadi ya kuhatarisha maisha. Kwa mwenye ini bovu au kifafa, jambo halihitaji maelezo marefu. Mpikaji anayejua miligramu za salfeti katika maji yake lakini hajui gramu za kilevi katika chupa yake amepima kidogo akaacha kikubwa.

Hata hivyo, kunyamaza si jibu. Watu wanapika, huko Ulaya na huku pia, na mgonjwa anayeogopa kuhukumiwa huficha. Mhudumu anayeuliza kwa heshima, na anayeonyesha kwamba anajua pombe hutengenezwa vipi, hupata jibu la kweli. Jibu la kweli ndilo linalotibika.

Linalopasa kufanywa

Kutokana na hayo yote, mambo matatu yanapasa kuwa desturi.

La kwanza ni swali la maji kuingia katika historia ya mgonjwa. Mahali penye floraidi, anayeletwa na meno ya madoa au maumivu ya mifupa aulizwe anakunywa maji ya kisima gani na tangu lini. Mwenye shinikizo la damu aulizwe kuhusu magadi kama anavyoulizwa kuhusu chumvi. Anayekunywa pombe ya kutengenezwa nyumbani aulizwe kwa upole kilichotiwa ndani yake, na alikula nini siku hizo. Maswali hayo hayachukui hata dakika mbili.

La pili ni la mgonjwa mwenyewe. Asirekebishe asichokipima. Asiazime dawa, asihamishe ushauri wa jiko la mbali kwenda jiko lake, na asikiite kitu salama kwa sababu jina lake ni la kawaida. Akienda zahanati aseme kila anachotia katika maji na chakula, hata kama ni kitu cha mababu.

La tatu ni la wenye mamlaka ya maji, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika nchi ambako watu hupika bia nyumbani, mpikaji huweza kuomba au kusoma taarifa ya maji ya mji wake, akajua kalsiamu, bikaboneti, kloraidi na salfeti. Huitumia kwa burudani. Mama anayechanganya uji wa mtoto ana haki iliyo kubwa zaidi ya kujua floraidi na chumvi zilizomo katika maji ya kisima chake. Vipimo vikifanywa, visibaki kwenye majalada. Vibandikwe kisimani, katika ofisi ya kijiji na kwenye ukuta wa kliniki ya watoto, kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa, pamoja na kiwango kinachokubalika na tarehe ya kipimo. Pasipopimwa, ibandikwe pia kwamba hapajapimwa.

Maji usiyoyafika hujui kina chake, walisema wahenga. Na maji yaliyofikwa yakachotwa nayo hayajajulikana mpaka yamepimwa. Chumvi ina wakati wake, asidi ina wakati wake, dawa pia. Wakati huo ni baada ya kipimo.